Mzinga Uliobaki na Nyuki

Esteri alikuwa akipukuchua mahindi uani, nyumbani kwao Rungwe Mpya. Pembeni yake mumewe, Hatungimana, alifunga nyasi kavu kuwa vienge. Kienge ni mwenge wa nyasi. Alikuwa akienda navyo msituni kurina asali.

"Baba Irakoze, vyote hivyo vya nini?" Esteri aliuliza. "Nyuki wenyewe wamekwisha."

Alisema kweli. Mizinga ya Hatungimana ilikuwa mitupu, isipokuwa mmoja, ule uliochongwa na marehemu baba yake. Asali yake ilitibu vikohozi vya nyumbani na kununua sare za shule za binti yao, Irakoze. Nyuki hao wangehama, asali ingekwisha kabisa.

"Kuna mtu ameniloga," alisema Hatungimana.

"Mchawi huyo anabeba vienge?"

Hatungimana alifunga kienge kingine.

Jirani yao Nadine alikuwa na mizinga katika msitu huohuo, nayo ilijaa. Alikuwa amejifunza katika kikundi cha wafugaji nyuki. Esteri alimwomba waende pamoja.

"Mwanamke anifundishe kurina?" Hatungimana alilalamika. "Baba atafufuka!"

"Akifufuka atauliza nyuki wake wako wapi."

Walichukua kibali cha kuingia msituni, wakaondoka. Walipofika, Hatungimana alitua mzigo kando ya kijito, karibu na mti wenye mzinga.

"Hapa siyo, shemeji," Nadine alisema kwa upole. "Nyuki wanakunywa hapa. Wanyama pia. Tukilala hapa, watapita wapi?"

Walisogea mbali, penye uwazi. Nadine alichukua jembe, akapalilia nyasi mpaka udongo ukabaki mtupu. Katikati alichimba shimo.

"Unamzika nani?" Hatungimana alitania.

"Moto. Upepo ukija, usimkute nje."

Esteri aliokota matawi makavu yaliyoanguka. Hawakukata mti hata mmoja. Walichimba pia shimo la choo, mbali na maji. Esteri alimtazama Nadine akifanya kazi. Hakugomba, hakujisifu. Alifanya kila kitu kama mtu anayetandika kitanda cha mgeni.

Jioni Hatungimana alishika kienge chake.

"Ngoja, shemeji," Nadine alisema. "Ukikikung'uta, nyuki hufuata cheche, wanaungua. Na cheche zikianguka kwenye nyasi hizi kavu, msitu nao unaungua."

Alimpa bomba la moshi. Ni kopo lenye kiriba cha kupulizia. Ndani aliweka kinyesi kikavu cha ng'ombe, kikawaka bila ndimi za moto. Wote watatu walivaa kofia zenye wavu. Hatungimana alipanda mti, akapuliza moshi kidogo mlangoni mwa mzinga. Nyuki walirudi nyuma.

"Ebo! Wamenyamaza!" alisema.

Alikata masega yaliyojaa asali. Kisha akayafikia masega yenye watoto wa nyuki. Akainua kisu.

"Hayo yaache," Nadine aliita kutoka chini. "Na asali kidogo wabakizie chakula."

"Baba alikuwa anachukua yote!"

Esteri ndiye aliyejibu.

"Baba Irakoze! Ukirudi nyumbani ukute watoto hawapo na chungu kitupu, utalala humo?"

Kisu kilisimama. Kisha kicheko kikasikika juu ya mti.

"Ego, ndiyo, mama Irakoze. Nitahama!"

Akafunga mzinga vizuri, akashuka. Ndoo haikujaa. Hatungimana aliitazama, akatikisa kichwa, lakini hakurudi juu.

Asubuhi Nadine alimwaga maji kwenye shimo la moto, akakoroga majivu, akamwaga tena. Akagusa kwa nyuma ya mkono. Yalikuwa baridi. Ndipo akafukia, akatandaza juu nyasi alizopalilia. Esteri alitia mfukoni karatasi ya sukari na chupa ya maji. Walipogeuka kutazama, waliona nyasi zilizolala tu, kama mahali alipopumzika swala.

Msimu uliofuata walirudi wote watatu. Hatungimana alipofika kwenye mti wenye mzinga wa baba yake, alipanda bila kuvua hata begi, akaweka sikio kwenye gogo la mzinga. Ndani kulikuwa na mvumo mzito.

"Wapo!" alisema.

"Njoo na huku!" Esteri aliita kutoka kwenye mti wa pili.

Mzinga ule ulikuwa mtupu msimu uliotangulia. Sasa nyuki waliingia na kutoka, miguu yao ina chavua ya njano.

Hatungimana alishuka. Alipita kijito bila kusimama, akaenda mpaka kwenye uwazi, akatua mzigo.

"Dada Nadine," alisema, "nipe jembe. Leo moto nitauzika mimi."