Profesa Ajifunza Kusikiliza

Kwao walimwita Profesa, kwa utani wa kaka yake. Alikuwa mwaka wa mwisho chuoni, akisomea sayansi ya siasa. Likizo ilipofika, wenzake walirudi makwao. Yeye alibaki mjini peke yake, kwa sababu alipata nafasi ya mafunzo ya kazi katika ofisi ya baraza la mji.

Ofisini hakuna aliyemsema vibaya, wala aliyemsemesha. Mchana alikula akitazama ukuta. Mama yake akipiga simu, alimwambia mambo ni shwari.

Kisha mtafiti wa ofisi, mama wa makamo, alimpa kazi. Watu wa mtaa wa nyuma ya soko hawakuhudhuria mikutano ya baraza, na baraza lilitaka kuifuta. Profesa aende akaulize sababu.

Alikwenda, akasoma maswali yake mbio mbio milangoni. Watu walijibu ndiyo au hapana, wakafunga milango. Akarudi mnyonge, akaandika kwamba watu wale hawajali siasa.

Mtafiti alisoma, akamvutia kiti.

"Umewauliza, mwanangu, lakini hukuwasikiliza. Jitambulishe kwanza. Eleza utafiti ni wa nini, na kwamba mtu ana haki ya kukataa. Jina lake usiliandike bila ruhusa. Ukishauliza, mwache aseme."

"Na akinyamaza?"

"Ngoja naye."

Kesho yake alibisha hodi kwa fundi saa mmoja, mzee aliyefiwa na mkewe. Alijitambulisha, akaomba ruhusa, akauliza. Mzee alikaa kimya kitambo. Profesa akangoja.

"Ukumbi wa mikutano uko ghorofani," mzee alisema hatimaye. "Magoti yangu hayapandi ngazi. Marehemu mke wangu ndiye aliyekuwa akienda, akirudi ananisimulia. Tangu afariki, hakuna aliyeniuliza neno."

Profesa alimpa pole, akapokea kikombe cha chai aliyomiminiwa. Alikaa naye mpaka chai ikaisha.

Nyumba nyingine nazo zilitaja ngazi: kina mama wenye watoto mgongoni, kijana mwenye magongo. Akaandika ripoti upya. Mtafiti akamshauri aufanye utafiti huo kuwa kazi yake ya mwisho chuoni. Baraza nalo likauhamishia mkutano kwenye darasa la ghorofa ya chini katika shule ya jirani.

Siku ya mkutano viti vilijaa, wengine wakasimama madirishani. Profesa alijibanza nyuma, hana wa kuzungumza naye. Fundi saa aligeuka huku na huku mpaka akamwona.

"Njoo, binti yangu," alisema, akiondoa kofia yake juu ya kiti cha pembeni. "Hapa nimekuwekea."