Gunia la Watu Wawili

Jumamosi ile jua lilitoka vizuri. Majirani walikusanyika mbele ya duka la kinyozi, kila mmoja na reki au fagio lake, tayari kwenda kusafisha mtaro uliopita nyuma ya nyumba zao. Kinyozi aliwachekesha.

"Nyumbani sijawahi kushika fagio," alisema. "Mke wangu akipita hapa, mwambieni amenifananisha."

Kiongozi wao, muuguzi mstaafu, aligawa glavu nene na kukagua viatu vya kila mtu.

"Watu wawili, gunia moja. Mmoja ashike mdomo, mwenzake atie taka kwa koleo. Likijaa, lifungeni. Asishindilie mtu kwa mkono."

Aliposema hivyo, wengine walimtazama mshonaji wa mtaa, kisha wakatazama chini. Mwaka uliopita mdogo wake alikatwa na kopo lenye kutu ndani ya gunia. Siku ya tisa taya zilikakamaa. Pepopunda ikamchukua.

Mama yao alikuwa kando, akikoroga sabuni kwenye ndoo ya maji ya kunawia. Mwaka mzima alikuwa akisema neno moja tu: "Mwanangu alikuwa mzembe, nimlaumu nani?" Na mwaka mzima mshonaji alikuwa akiinamia cherehani yake, kimya.

Watu wakajigawa wawili wawili. Mshonaji akabaki peke yake.

"Nisubiri, mwanangu, nakuja tufanye wote," muuguzi alimwambia.

"Naanza polepole tu, mama."

Alishuka mtaroni hadi kwenye kona, mahali ambapo sauti za wenzake zilisikika kwa mbali. Akakamata mdomo wa gunia kwa mikono miwili. Ndipo alipokumbuka kwamba hana mtu wa kutia.

Chupa ikaingia.

Alidhani imeporomoka kutoka ukingoni. Kisha likaingia kopo. Kisha kandambili iliyokatika. Moja moja, bila haraka, taka ziliingia, na gunia likazidi kuwa zito. Koleo lake lilikuwa palepale chini. Hakuachia.

Mwisho likaingia boksi lililolowa maji. Gunia likajaa.

Karibu kabisa na sikio lake, mtu akanong'ona.

"Dada, limejaa. Nishindilie?"

Ndivyo mdogo wake alivyomuuliza siku ile. Magunia yalikuwa machache, na nyumbani alikuwa ameacha gauni la bibi harusi halijatiwa mikono. Alitaka wamalize, warudi. Alijibu bila hata kugeuka: "Shindilia."

Sasa alikaza mikono kwenye mdomo wa gunia.

"Hapana," alinong'ona. "Acha, mdogo wangu. Tutaomba jingine."

Alingoja.

Gunia likavutwa chini. Mara moja. Kwa nguvu.

Kinyozi ndiye aliyemkuta amechuchumaa, bado ameshika mdomo wa gunia. Akamsaidia kulibeba hadi penye ndoo ya kunawia. Muuguzi alilichungulia, na uso wake ukabadilika.

"Nani ameshindilia hili?"

Katikati ya boksi bichi palikuwa na alama ya kiganja, imezama. Vidole vitano vyembamba. Ndani yake, damu mbichi.

Mshonaji alivua glavu. Mikono yake ilikuwa mikavu, haina hata mkwaruzo.

"Mama," alisema, akimgeukia mama yake. "Mama, hakuwa mzembe. Aliniuliza. Mimi ndiye niliyemwambia ashindilie."

Kinyozi akavua kofia yake. Mama alifuta mikono kwenye khanga, akasogea hadi kwenye gunia.

"Vaa glavu kwanza, mama," muuguzi alimwambia kwa upole.

Hakusikia. Aliinama, akauweka mkono mtupu juu ya ile alama, taratibu, kama mtu anayempima mtoto homa.

"Pana joto," alisema.