Maji Nimeshika

— Bata, nitazame.

— Siwezi. Kuna watoto upande wa kina.

— Hata leo ninapoondoka?

Bata, jina alilobandikwa na wenzake kwa mwendo wake, hakugeuka. Alikuwa juu ya kiti kirefu cha mwokoaji tangu asubuhi, macho kwenye bwawa, mekundu kwa jua na klorini. Aliyesimama chini ni mchumba wake, mwokoaji mwenzake wa zamani. Walikuwa wakipokezana kiti hicho mpaka meneja alipompunguza kazini. "Mmoja anatosha," alisema. Atoshe nini! Tangu hapo Bata hana wa kumpokea. Anakula huku akitazama maji, na haja ndogo anaibana mpaka jioni.

— Unakwenda wapi?

— Kwa dada. Sirudi.

— Kwa sababu ya Jumapili?

— Baba alikusubiri uje kujitambulisha mpaka chai ikapoa. Wajomba wamevaa makoti, wanaangalia mlango. Wewe unatuma meseji: "Meneja kaninyima ruhusa." Basi! Nilitamani ardhi inimeze.

Bata alitaka kujibu, lakini mtoto mmoja alikuwa amepiga mbizi. Akasubiri kichwa kiibuke. Kilipoibuka, alishachelewa.

— Hata huna la kusema. Haya, kwaheri.

Akasikia magurudumu ya sanduku yakiburuzwa kuelekea getini. Roho ikamuuma, shingo haikugeuka. Ghafla magurudumu yakanyamaza, nyayo zikarudi mbio.

— Maji nimeshika!

Ndivyo walivyokabidhiana zamu siku zote. Huondoi macho mpaka mwenzako atamke hivyo, na akishatamka, naye haondoi mpaka apokelewe.

Bata akageuka. Masikini, alivyokonda! Machozi yalimtiririka, lakini macho yake hayakubanduka majini.

— Nilitaka unione mara moja tu. Umeniona. Sasa sema umeshika, niende.

Bata akaendelea kumtazama.

— Bata, sema! Basi litaniacha.

— Sisemi.

— Usinifanyie hivyo. Unajua siwezi kuwaacha hawa watoto.

— Najua. Ndiyo maana Jumapili sikuja.

Mwanamke akaangua kilio.

— Mjinga wewe. Ungeniambia hivyo, si mambo ya meneja.

Hapo Bata akaona aibu. Kumfunga mtu kwa kuwa hawezi kuacha watoto wazame ndicho alichokuwa akifanyiwa yeye na meneja kila siku. Akapuliza filimbi kwa pumzi zote.

— Wote nje! Bwawa limefungwa!

Watoto wakatoka wakinung'unika. Dirisha la ofisi likafunguka.

— Nani kakuruhusu? — meneja alifoka.

— Tafuta waokoaji wawili, bosi, ndio ufungue.

— Basi wewe huna kazi!

Bata akaivua filimbi, akaitundika kitini, akashuka. Kazi ile ndiyo pekee aliyoijua, na aliipenda.

Maji yakatulia. Hakukuwa na wa kulindwa, wakatazamana.

— Nimekuachia. Kama unakwenda, nenda.

— Umezeeka, Bata.

— Baba yako yupo nyumbani?

— Yupo, na hasira zake. Utamwambia nini, huna hata kazi?

— Nitamwambia nimekuja.

Mwanamke akamwonyesha sanduku alilokuwa ameliacha njiani.

— Kokota basi, ni zito.

Walipofika getini walisimama wote wawili bila kuambiana, wakageuka kuhakikisha hakuna aliyebaki majini.