Mwizi wa Maji ya Suji

Loth aliteleza kwenye majani mabichi, akapiga kelele moja, akaporomoka bondeni na begi lenye simu zote, nguo za baridi na makande ya mchana. Hata leo ukimwuliza Fortunata, mkewe, atakuapia kwamba alisikia mfupa ukivunjika kabla ya ile kelele.

Walikuwa watatu kwenye msitu wa juu ya Suji, kijiji cha Wapare mlimani, ukungu umeshuka mpaka mtu haoni viatu vyake. Fortunata ni mwandishi wa habari na makala za safari, mzaliwa wa hapo hapo. Kazi yake ndiyo iliyomfanya aihamishie familia Norway, binti yao Doreen akiwa bado ananyonya; sasa Doreen amewapita wote wawili kwa urefu. Na ni Fortunata huyo huyo aliyekataa kuchukua mtu wa kuwaongoza. "Wa nini? Msitu huu nimeokota kuni tangu sijang'oa meno ya utoto!" Haya sasa.

Wakashuka kwa makalio, wakishika mizizi. Walimkuta Loth amelala kando ya mfereji, mguu umepinda chini ya goti na damu inachuruzika. Begi lilikuwa limepotelea huko chini zaidi. Fortunata akafungua kitenge alichojifunga kiunoni, akakichana kwa meno.

"Doreen, tafuta vijiti viwili vilivyonyooka. Loth, uma mkanda wako."

"Usinihesabie moja mbili tatu," Loth akasema. "Vuta tu."

Akavuta. Loth akazimia, akazinduka, akatapika. Damu ilipungua lakini haikukata.

"Mama, tunaenda upande gani?"

"Sijui."

Doreen akamkodolea macho. Mama yake alikuwa amevuka majangwa na kulala kwenye mahema juu ya barafu, na neno hilo Doreen hajawahi kulisikia kinywani mwake.

Walijaribu kumbeba, wakafika kwenye jabali. Pale mfereji ulipita kwenye ukingo mwembamba, upande mmoja mwamba, upande mwingine shimo lililojaa ukungu. Watu wawili na mgonjwa hawapiti. Na mmoja akienda peke yake na kupotea, nani atamtafuta? Wakaita mpaka sauti zikakauka. Alasiri ilikuwa inazeeka, baridi inaingia, Loth anatetemeka meno yakigongana. Usiku kule juu asingeumaliza, na wote watatu walijua.

"Jamani, Mungu wangu," Fortunata akasema, akaketi, miguu ndani ya mfereji. Maji yalimpita vifundoni kwa haraka, kama yana mtu anayeyasubiri.

Akasimama ghafla.

"Yanaenda ndiva!"

Ndiva ni bwawa dogo la kijiji. Jioni huzibwa lijae, asubuhi huzibuliwa, na kutwa nzima kila nyumba ina zamu yake ya kumwagilia. Mpare wa Suji unaweza kupotea na jembe lake akakusamehe. Mguse maji siku ya zamu yake uone. Fortunata alimkumbuka bibi yake, mama mpole wa kwaya, akipanda mlima mbio na fimbo kwa sababu maji yalikuwa yamesimama.

"Doreen, leta mawe. Na udongo, na majani."

"Ya nini?"

"Tunaiba maji."

Wakaziba kwa mikono, kucha zikakatika. Maji yakapenya. Wakaongeza mawe, yakapenya tena. Mwishowe Doreen akaketi ndani ya mfereji, akaziba tundu kwa mgongo wake, na maji yakafurika yakamwagikia bondeni. Baridi ilimtoa machozi, lakini hakuinuka. Fortunata akamlalia mumewe kumpa joto.

"Fortu, nikilala..."

"Hulali. Nitajie wapwa zako wote. Anza!"

Alikuwa amewataja wengi tu waliposikia sauti ya mwanamke kutoka chini, ikipanda kwa hasira.

"Nani huyo? Maharage yangu yanakauka! Mwizi mkubwa wee, leo utanitambua!"

Fortunata akaangua kilio. Amesifiwa kwenye kumbi kubwa, na hakuna sifa iliyowahi kumpendeza kama tusi lile.

Kwenye ukungu akatokea Eliakunda, mjane mwenye zamu, jembe begani, na nyuma yake Mzee Eliezeri, msimamizi wa maji, pembe kiunoni.

"Shikamoo, baba," Fortunata akasema kwa kwikwi.

"Marahaba," mzee akaitikia, mazoea yakiwahi hasira. Kisha akauona mguu. Akaipuliza pembe ile inayowaita watu kwenye msaragambo, kazi ya pamoja, akaipuliza tena na tena. Watu wakaanza kupanda na kamba na mablanketi.

Eliakunda alimwinua Doreen mferejini, akamvalisha sweta lake. "Mtoto wa watu baridi kama chura! Njoo kifuani, mwanangu."

Walimpitisha Loth jabalini mkono kwa mkono, wakimpokezana kama mtoto wa ubatizo. Giza lilipoingia alikuwa tayari kitandani hospitalini, damu imesimama. Daktari alisema wangechelewa kidogo tu, angekuwa anasema mengine.

Lakini sheria ni sheria. Anayeziba maji hutoa tope kwenye ndiva. Siku ya msaragambo ilipofika, Fortunata na Doreen walizama matopeni mpaka magotini, wakichekwa na kijiji kizima, huku Loth na mguu wake wa plasta akimenya ndizi jikoni kwa akina mama. Fortunata alishukuru kwa kila karai alilojitwika, kwa sauti, mpaka wakamwambia, basi inatosha.

Jioni Mzee Eliezeri akatangaza zamu, nyumba moja baada ya nyingine. Mwishoni akasema, "Nyumba ya Loth."

"Baba, sisi hatuna shamba," Fortunata akasema.

"Sikuuliza shamba. Aliyetoa tope ana zamu. Kesho asubuhi ni yenu. Mtampa nani?"

Doreen hakungoja wazazi wake.

"Mama mkubwa Eliakunda."

Asubuhi Doreen aliuchomoa mti wa kuzibia ndiva kwa mikono yake mwenyewe, akayafuata maji mbio mpaka kwenye maharage.