Vidonge vya Behewa la Nne

Kila siku ya shule, Chiriku alipanda treni ya asubuhi pamoja na mama yake. Jina hilo alibandikwa na majirani kwa sababu mdomo wake haukupoa. Aliongea akifunga kamba za viatu, akaongea akipiga mswaki, na mama yake aliapa kwamba hata usingizini aliongea. Alikuwa na umri wa miaka kumi na mbili. Watoto wa wafanyakazi wa reli walisafiri bila tiketi hadi kituo cha karibu na shule, na kwa kuwa mama yake alikuwa mhudumu wa behewa la nne, Chiriku alikaa humo kama yuko sebuleni kwao.

Kazi ya mama ilikuwa kufagia, kufuta viti na kutunza choo. Alikisugua choo kile kwa brashi, maji na sabuni laini kidogo tu, mara nne kwa safari. Chini ya behewa lilifungwa tangi la chuma lenye vyumba vinavyofuatana. Kinyesi kiliingia chumba cha kwanza, na kwenye chumba cha mwisho yalitoka maji matupu. Katikati hapo kulitokea nini, Chiriku hakujua wala hakuuliza, na kwa mtoto aliyeuliza kila kitu hilo lilikuwa ajabu kweli.

Jambo moja alilijua. Alasiri treni iliyomrudisha kutoka shule ilipoingia karakana, mama alijipenyeza chini ya behewa na kudondosha vidonge viwili vyeupe katika chumba cha mwisho cha tangi.

"Vya nini hivyo, mama?" aliuliza siku moja.

"Klorini. Vinaua vijidudu vilivyobaki kabla maji hayajadondoka chini. Hebu nipishe, mwanangu, mgongo unaniuma."

Vinaua vijidudu. Chiriku aliyaweka maneno hayo kichwani.

Sasa, shuleni kulikuwa na binti wa mkagua tiketi, naye alikuwa na ulimi. Kila wakishuka treni alijibana pua na kusema kwa sauti, "Jamani, mtoto wa chooni kapita!" Wengine walicheka. Chiriku naye alicheka ili asionekane ameumia, lakini aliumia sana. Alimwonea mama yake huruma, kisha akamwonea haya, kisha akajichukia kwa kumwonea haya.

Ndipo akapata wazo. Kama vidonge vinaua vijidudu mwishoni, mbona visiwekwe mwanzoni? Mama alikuwa anachelewa bure! Choo kikipigwa dawa kutoka juu, kitanukia kuliko vyote katika treni nzima. Jumatatu iliyofuata, mama akiwa anafagia upande wa pili, Chiriku alitoa vidonge vitatu kwenye kopo lililokuwa ndani ya begi la kazi, akavitumbukiza chooni na kumwaga maji. Harufu ya usafi ilijaa. Akafanya hivyo Jumanne, Jumatano, hadi wiki ikaisha. Ijumaa binti wa mkagua tiketi alitoka chooni akasema, "Leo afadhali." Chiriku alitembea hadi shuleni kichwa juu.

Furaha yake haikufika mbali. Wiki ya pili, behewa la nne lilianza kunuka vibaya kuliko lilivyowahi kunuka. Harufu ilipanda kutoka chini na kukaa kwenye nguo za watu. Abiria walifungua madirisha, wakahama, wakagomba. Kwenye vituo, uchafu ambao haujasagika ulidondoka juu ya mataruma ya reli mbele ya watu wote. Mzee mmoja mgonjwa alikuta choo kimefungwa kwa kufuli kwa sababu ya uvundo, akashindwa kufika behewa la tano kwa wakati, akasimama katikati ya njia akilia kama mtoto. Mama alivua kitenge chake akamfunga kiunoni. Chiriku aliona yote hayo.

Alasiri hiyo tangi lilifunguliwa. Aliyelifungua alikuwa fundi mwanamke mwenye nywele za mvi, ambaye karakana nzima ilimwita Bibi Spana. Alichungulia chumba cha kwanza, akaingiza koleo ndefu, akatoa nusu ya kidonge cheupe kilichokuwa kimenasa kwenye kona.

"Bakteria wetu wamekufa wote," alisema. "Nani ameweka klorini huku?"

Msimamizi wa karakana alimgeukia mama. Kopo la vidonge hukabidhiwa mhudumu mmoja tu, naye huweka sahihi yake. Hakukuwa na mtu mwingine wa kuulizwa.

"Mimi sikuweka huku," mama alisema. "Miaka tisa natunza choo hiki. Najua pa kuweka."

"Basi vimejiweka vyenyewe?" msimamizi alisema. "Umetaka kukwepa kuingia chini, ukamalizia kazi juu kwa juu. Mama Chiriku, mimi na wewe tumeheshimiana siku nyingi, lakini hapa umenivunja moyo. Kaa nyumbani mpaka uamuzi utoke. Ukiondolewa kazini, na chumba cha kampuni unachokaa utakirudisha."

Chiriku alikuwa amesimama hatua tano tu kutoka hapo, begi la shule mgongoni. Alifungua mdomo. Yeye aliyekuwa akiongea hata usingizini, siku hiyo alikosa neno moja, na neno lenyewe lilikuwa fupi: mimi.

Alijiambia atasema jioni. Jioni ilipofika akajiambia atasema kesho. Kesho yake mama aliamka alfajiri kama kawaida, akavaa sare, akakumbuka, akaivua na kuikunja. Chiriku aliyeona hayo alikwenda shuleni kwa miguu bila kuongea na mtu, na njia nzima aliona kwamba sasa ndiyo imekuwa vigumu zaidi kusema kuliko jana.

Siku zikaenda hivyo. Nyumba yao ya chumba kimoja ilikuwa imezoea kelele za redio na vicheko. Sasa ulisikia matone ya bomba tu. Mama alikaa kitandani mchana kutwa akitazama mikono yake. Majirani waliokuwa wakimwita dada walianza kupita haraka mlangoni. Chiriku hakula vizuri, hakusoma vizuri. Mwalimu alimwuliza kama anaumwa, akatikisa kichwa.

Kilichomtesa kuliko vyote ni maswali ya mama. Mwanzoni mama alikuwa na hasira na msimamizi. Baadaye hasira ikamwisha, akaanza kujiuliza mwenyewe.

"Ile wiki nilikuwa na homa," alisema siku moja akikunja nguo. "Labda nilichanganyikiwa. Labda kweli niliviweka juu nikasahau. Wewe uliniona nikiweka juu, mwanangu?"

"Hapana, mama."

"Mh. Lakini kidonge hakiwezi kutembea."

Chiriku alitoka nje akajificha nyuma ya bafu. Alilia hadi koo likauma. Kisha akanawa uso, akarudi ndani, na bado hakusema. Msomaji, usimwone mwovu. Alikuwa mtoto mwoga, na woga wake ulikua kila siku aliyonyamaza.

Siku ya kumi na nane, aliporudi kutoka shule, alimkuta mama ameweka karatasi na kalamu juu ya kistuli.

"Kaa hapa," mama alisema. "Mwandiko wako mzuri kuliko wangu. Nimeambiwa nikikiri kosa na kuomba radhi, huenda wakanipa hata kazi ya kufagia uwanja. Andika hivi: Mimi, mhudumu wa behewa la nne, nakiri kwamba niliweka vidonge mahali pasipotakiwa kwa uzembe wangu."

Chiriku aliandika "Mimi". Mkono ukagoma. Alilitazama neno lile moja kwenye karatasi nyeupe, akaona kwamba ameliandika mwenyewe, kwa mkono wake, na kwamba ndilo lile lile lililomkwama kooni kule karakana.

"Mbona huandiki?"

"Mama, ni mimi."

"Wewe nini?"

"Mimi ndiye niliyeweka vidonge. Vitatu kila siku. Nilitaka choo chako kinukie. Walikuwa wananicheka shuleni." Akasema yote, haraka haraka, machozi na makamasi yakichanganyika, mpaka akaishiwa pumzi.

Mama hakumpiga. Hakupaza sauti. Alikaa tu, na Chiriku alitamani apigwe. Kisha mama aliikunja ile karatasi, akasema, "Kavae viatu," wakaenda karakana, mmoja mbele mwingine nyuma.

Mbele ya msimamizi na Bibi Spana, Chiriku alirudia kila kitu. Safari hii hakulia. Msimamizi alivua miwani, akamtazama mama, akainamisha uso.

"Nilikuhukumu kabla sijauliza vizuri," alisema. "Mama Chiriku, naomba radhi. Kesho rudi kazini. Nitawaeleza wote hapa, kwa mdomo wangu mwenyewe."

Bibi Spana alimshika Chiriku bega, akampeleka hadi kwenye tangi la behewa la nne, lililokuwa limeoshwa na kufunguliwa.

"Shuleni wamekufundisha kwamba vijidudu vinaleta magonjwa, sivyo?"

"Ndiyo, bibi."

"Vingine ni kweli. Lakini humu ndani tunafuga bakteria wengine. Hawahitaji hewa, wanaishi gizani na kula kinyesi. Wanakivunjavunja chumba hadi chumba, mpaka kibaki maji na gesi. Gesi inatoka kwa bomba lile. Maji yakifika mwisho, ndipo tunatia klorini, kwa sababu hapo bakteria wetu wamekwisha maliza kazi. Wewe uliwapa sumu mlangoni, mjukuu wangu. Kinyesi kikapita kama kilivyo. Ndiyo maana mama yako anatumia sabuni laini kidogo. Hakuwa mchafu wala mchovu. Alikuwa mlezi wao."

Alinyanyua ndoo yenye maji meusi mazito, yenye bakteria hai kutoka tangi lingine lisiloguswa na sumu, akamwonesha, kisha akaimimina taratibu chumba cha kwanza. Ndoo nyingine kumi na tano zilisubiri nyuma yake.

"Watazaliana?" Chiriku aliuliza kwa sauti ndogo.

"Watazaliana. Baada ya wiki kadhaa tutapima maji, na yakiwa safi tutafungua kufuli. Tangi hili litapona. Siku nyingine usipojua kitu, uliza. Na wewe nimesikia unajua kuuliza."

Walirudi nyumbani kwa njia ya reli ya zamani. Mama alitangulia tena. Walipofika karibu na nyumba alisimama, akageuka, na Chiriku aliona kwamba mama amekonda. Siku zote kumi na nane hakuwa ameliona hilo.

"Vidonge nimekusamehe," mama alisema. "Ulikuwa hujui, na ulitaka kunisaidia. Ungeniambia siku ile ile, ningekugombeza, tungekwenda kwa Bibi Spana, na jioni tungekula pamoja kama kawaida. Mtu akikosea, aseme mapema, kosa likiwa bado ni lake. Akilificha, hubebeshwa mwingine."

"Nisamehe, mama."

"Sikiliza kwanza. Watu wote wakinisema, hilo niliweza kulivumilia, maana nilijua sijafanya. Lakini siku za mwisho nilianza kujishuku. Nilikuwa nakaa pale kitandani nikijiambia nimeharibikiwa akili. Nikakuuliza wewe, na wewe ulikuwa unajua."

Chiriku alisogea hatua moja karibu naye.

"Hilo nalo nitalisamehe," mama alisema, "kwa sababu wewe ni mwanangu. Lakini si leo."

Akafungua mlango, akaingia, akaanza kuipiga pasi sare yake.