Nilimzulia Mume Wangu Ulevi Ili Nisiiache Bustani ya Mwanangu

Nina miaka arobaini na minane, naishi chumba kimoja Kalerwe na kuuza mboga sokoni. Majirani wananiita mama mpole, aliyefiwa na mtoto kisha akaachwa na mume. Wananihurumia. Ndugu wasomaji, nimechoka kuhurumiwa na watu wasiojua nilichofanya, ndiyo maana naandika.

Mume wangu alikuwa polisi. Tulikaa miaka kumi na tisa katika nyumba za kambi hapa Kampala. Mungu alitupa mtoto mmoja tu, Ojok, na alizaliwa na selimundu, ule ugonjwa wa damu. Mwenye mtoto wa hivyo ananielewa… begi la hospitali halifunguliwi, linakaa mlangoni tayari. Alifariki akiwa na miaka kumi na sita.

Kwetu mtu huzikwa nyumbani kwa baba yake. Tulimpeleka kaskazini, tukamzika kando ya babu yake, na siku ya tatu tukarudi kwa sababu likizo ya mume wangu ilikuwa imekwisha. Hebu fikirieni… unamwacha mtoto wako wa pekee mwendo wa siku nzima, na udongo wa kaburi bado mbichi!

Ndipo nikaanza bustani. Nyuma ya nyumba yetu palikuwa na kipande cha ardhi, upana wa mikeka mitatu hivi. Nikakilima, nikapanda mawaridi ya njano, rangi aliyoipenda Ojok. Mume wangu akaniletea chokaa iliyobaki walipopaka mawe ya uwanja wa gwaride, nami nikapaka mawe yangu nikayapanga kuzunguka. Wake wa maafande wenzake walikuja tukasali. Kila asubuhi nilimwagilia nikiongea na mwanangu, na sidanganyi, nilipata nafuu.

Baba Ojok hakuketi pale hata siku moja. Alisimama mlangoni akitazama, siku nyingine akasema, "Mama Ojok, mtoto hayuko hapo. Yuko nyumbani, na hakuna wa kumpalilia." Nilimchukia kwa maneno hayo. Nilisema moyoni, huyu mwanamume hana uchungu.

Mwaka uliofuata aliomba uhamisho bila kuniambia, kwenda kituo kilicho karibu na kwao, apate kulitunza kaburi. Alipokubaliwa alirudi nyumbani anacheka. Tangu msiba sikuwa nimeona meno yake! Akaniambia tufunge mizigo. Mimi nikasikia jambo moja tu… bustani yangu. Nyumba ya kambi ukitoka wewe anaingia mwingine. Nani angemwagilia maua ya Ojok?

Nilimsihi. Nilinuna, nikagoma kumpikia. Hakubadili nia.

Basi nikavaa gomesi yangu ya kanisani, nikaenda kwa mkubwa wake. Nililia mbele ya meza yake. Nikamwambia kwamba tangu tufiwe mume wangu anakunywa waragi kwa siri na anaongea peke yake. Nikaongeza… Mungu anisamehe… kwamba nimemkuta amekumbatia bunduki akisema amechoka kuishi. Uongo mtupu! Mume wangu ni mlokole, pombe hajaionja tangu tuoane. Lakini mimi mke wa polisi, nilijua wakubwa wanaogopa nini. Nilidhani watauzuia uhamisho tu, tubaki, maisha yaendelee.

Uhamisho waliuzuia, na bunduki wakamnyang'anya. Afande wa miaka ishirini na mitatu kazini akawekwa getini kuandika majina ya wageni. Wenzake walimsogelea wakijifanya kumsalimia, kumbe wanamnusa mdomo. Yeye hakuelewa kitu. Aliniuliza, "Nimewakosea nini watu hawa?" Nikamjibu avumilie, Mungu yupo. Kisha nikachukua ndoo nikaenda kumwagilia maua. Mnanisikia, wasomaji? Nilikwenda kumwagilia maua!

Miezi haikupita mingi akapewa barua ya kustaafishwa kwa sababu za afya. Na polisi akistaafu, nyumba ya kambi anairudisha. Nilisema uongo ili nisitoke, na uongo ule ule ndio uliokuja kunitoa. Tulipewa majuma manne.

Alipoitwa kusaini, karani alimfungulia jalada lake. Humo alikuta imeandikwa kwamba maelezo yametolewa na mke wake. Alirudi akaketi kitandani, kofia mkononi. Hakunipiga. Angenipiga ningejua namna ya kulia.

"Ulisema hivyo?"

Nikasema ndiyo.

"Ungeniambia tu kwamba unaogopa," akasema. Kesho yake alipanda basi la kaskazini na begi moja.

Niling'oa mawaridi mwenyewe nikayatia kwenye magunia. Huku Kalerwe hakuna pa kupanda, nje ya mlango wangu ni mtaro wa maji machafu. Niliyapanda kwenye madumu yaliyokatwa, yakanyauka moja baada ya jingine. Nilipopita kambini baadaye, aliyepewa nyumba yetu alikuwa amejenga banda la kuku pale pale. Ni haki yake.

Nilimpigia simu mume wangu, nikaomba kwenda kuliona kaburi. Akasema, "Njoo, ni mtoto wako pia. Ila utafikia kwa dada yangu." Nikaenda. Kaburi lilikuwa limefagiliwa, limezungushiwa ua wa miti, na hakuna hata jani la magugu. Yeye alikuwa ameinama na jembe. Aliponiona aliinuka, akanisalimia, akaniwekea kigoda, kisha akaondoka ili nibaki na mtoto. Nililia peke yangu. Hakurudi mpaka nilipokuwa nimekwenda.

Wapendwa, ukifiwa, panda maua, jenga, fanya kitakachokutuliza. Lakini nawaomba, mwenzako asipolia kama unavyolia wewe, usimhesabu hana uchungu. Muulize! Mimi sikuuliza. Duniani kulikuwa na mtu mmoja tu aliyemjua Ojok kama nilivyomjua mimi, na leo mtu huyo ananiwekea kigoda cha wageni.