Kadi ya Saba

Kila Jumamosi asubuhi, vyombo vikishaoshwa, Mama alitandaza kadi zake mezani na kupanga somo la Jumatatu. Alifundisha katika chuo cha wauguzi. Kabla ya kulipeleka somo chuoni, alilijaribu kwanza kwa binti yake wa miaka kumi na miwili, ambaye nyumbani walimwita Kasuku kwa kupenda kuongea. "Mtoto akielewa, wanachuo watashindwaje?" Mama alizoea kusema. Kasuku naye akavimba kichwa.

Kisha binamu yake wa miaka tisa akaja kukaa nao. Huyo walimbandika jina la Kwanini, maana hakuna jambo lililompita bila swali. Tangu hapo aliyeitwa mezani ni Kwanini, na Kasuku akawa wa kutumwa kuanua nguo. Wivu ulimkaba, jamani! Kila akiwasikia wanacheka, roho ilimuuma.

Jumamosi hiyo kulikuwa na kadi saba za mgonjwa wa kubuni. Kila kadi ilibeba habari moja: homa yake, chakula alichokula, maji aliyokunywa. Wanachuo wangeulizana mpaka waugundue ugonjwa. Mkuu wa chuo mwenyewe angekuja kutazama, na somo likiharibika, kozi angepewa mwalimu mwingine, awasomee wanachuo daftari kama zamani.

Kasuku aliyajua yote hayo. Hata hivyo, Mama na Kwanini walipotoka kwenda uani, alichomoa kadi ya maji kwenye bahasha ya somo, akaificha chini ya godoro lake. "Tuone huyo Kwanini wake atamsaidiaje!"

Jumapili aliinua godoro mara tatu kuitazama kadi. Jumatatu, Mama akivaa viatu huku anaimba, Kasuku alishindwa kuvumilia. Akaileta kadi.

"Mama, niliificha mimi. Namwonea wivu Kwanini. Siku hizi yeye ndiye mwanao."

Mama alikaa kitini, kiatu kimoja mkononi. "Unajua kwa nini namwita yeye? Somo likimchosha, anapiga miayo waziwazi. Wewe kila kitu ni 'zuri sana, Mama'. Mwezi uliopita ulinisifia hivyohivyo, nikaenda chuoni, nusu ya darasa wakasinzia."

"Niliogopa utakasirika, usiniite tena," Kasuku alisema huku analia.

Mama alimfuta machozi, akatia kadi kwenye bahasha na kuondoka. Jioni alirudi anacheka. Wanachuo walibishana mpaka kengele ikalia, na mkuu wa chuo akasogeza kiti chake kuuliza kama mgonjwa alichemsha maji. Kozi ilibaki yake.

Kasuku alimwomba Kwanini radhi.

"Kwa nini hukuficha zote?" Kwanini aliuliza, wote wakaangua kicheko.

Jumamosi iliyofuata Mama aliwaita wote wawili mezani. Alipomaliza kueleza, Kasuku alinyoosha kidole kwenye kadi ya kwanza. "Mama, huo mwanzo... unachosha."

Mama alichukua kalamu, akafuta mistari mitatu.

"Leo umenisaidia kuliko sifa zako zote," alisema. "Umpendaye mwambie ukweli, asije akaaibika mbele za watu. Na wivu ukikushika, mwanangu, useme mapema, kabla haujakutuma kuharibu kazi ya mtu."